Mtutu wa Baba na Jumamosi za Masaki

Kila msimu wa korosho ukifika, mwanangu, mtoto wa mdogo wangu, naikumbuka siku moja, Jumamosi ambayo baba yangu alilikosa bibo.

Lilikuwa bibo jekundu, limeiva, limening'inizwa kwa uzi kwenye tawi la mkorosho, na upepo hata wa kutikisa jani haukuwapo. Baba yangu, babu yako Mzee Kondo, alikuwa na bunduki ya upepo ya kufukuzia ngedere shambani. Ilikuwa na kibali chake, usinitazame hivyo. Kijiji chetu kizima cha Masaki kilimjua kwa shabaha. Akilenga kikonyo, bibo linadondoka na korosho yake haina hata mkwaruzo. Watu walikuwa wanaacha kupalilia waje kutazama. Siku hiyo akalenga, akafyatua, na majani yakatikisika mbali kabisa na uzi. Akarudia. Yakatikisika upande mwingine.

Baba akaishusha bunduki, akaupapasa mtutu kwa kiganja, akaniambia, "Zena, mtutu huu umechoka."

Basi hapo alikuwa amenipa mimi ngoma niliyokuwa naililia. Wakati huo nilikuwa najifunza ufundi wa kukereza vyuma kwenye karakana moja pale Visiga, msichana peke yangu kati ya vijana waliokuwa wananipa kazi ya kufagia kwanza ndipo wanionyeshe mashine. Hili kovu la juu ya nyusi mnalonitania nalo ni cheche ya pale pale, ya mwaka wangu wa mwanzo. Nilikuwa na majivuno, sikufichi. Ungeniambia mwezi umepinda ningekuomba uniletee niunyooshe.

Ndiyo maana nilisimama pale uani jana nikikutazama. Umeubana mtutu wa bunduki yako kwenye jiliwa, umeegemeza simu kwenye kopo la rangi, na mzungu mmoja kwenye simu anakuonyesha namna ya kuukata mdomo wa bunduki na kuulainisha ili ilenge vizuri. Nikajiona mwenyewe. Kisha simu ikaita, ukatazama ni nani, ukaikata, ukaendelea na tupa yako. Hilo la simu nitalirudia, usiniharakishe.

Niliuchukua mtutu wa baba mpaka Visiga, nimeufunga kwenye kanga. Kuutazama vizuri, mdomo wake ulikuwa umebonyea kidogo. Na mdomo wa mtutu, mwanangu, ndipo mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Ukiwa na kasoro hapo, risasi inatoka imeshasukumwa upande. Nikaukereza kidogo sana, nikausafisha ndani taratibu nisije nikaikwaruza ile mifereji inayoizungusha risasi. Jumamosi iliyofuata nikadandia lori tupu la mkaa lililokuwa linarudi porini, nikafika nyumbani, nikaufunga. Nikajaribu mimi mwenyewe kwanza. Bibo likadondoka! Nilirukaruka kama mwenda wazimu. Nikampa baba. Akalenga sana, muda mrefu. Akakosa.

"Umesogea," akasema. "Lakini bado kidogo."

Neno la baba ni neno la baba. Nikarudi nao Visiga. Safari hii nikaukata zaidi. Jumamosi ya pili yake, bado kidogo. Nikautengenezea uzito wa chuma wa kufunga mbele ili usirukeruke. Bado kidogo. Nikausugua ndani kwa msasa laini, jambo ambalo fundi wangu alinikataza na mimi nikajifanya sikusikia. Bado kidogo. Mimi hata kujaribu mwenyewe nikaacha, nikawa nasikiliza jibu la baba tu na kurudi Visiga na kanga yangu. Wenzangu kule karakana wakawa wananiuliza kama nimejifungua, maana kila wiki nimebeba kitu nimekifunga.

Lakini zilikuwa Jumamosi tamu, sikia. Zamani zake nilikuwa nafika nyumbani mara moja baada ya miezi, na nikifika nina haraka. Sasa tulikuwa tunakaa mimi na baba kwenye jamvi, bunduki imefunguliwa kati yetu, tunakula muhogo wa kuchoma, yeye ananisimulia jinsi alivyolifyeka lile shamba, mimi namsimulia vituko vya Visiga. Alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi kabla ya hapo.

Aliyetuvunjia raha yetu ni dada yake, Shangazi Pili, mama wa maneno makavu ambaye ukimsalimia shikamoo unaweza kuitikiwa kwa karipio. Alikuwa anamenya muhogo kibarazani, anatutazama. Baba alipoinuka kwenda kuswali, akaniita.

"Weye Zena. Hilo lichuma umeanza kulishika lini?"

"Toka mabibo yaanze kuiva, shangazi."

"Haya. Na uso wa baba yako umeutazama lini?"

Nikacheka, nikadhani ananitania. Akaweka kisu chini.

"Usinichekee mie. Zamani alikuwa anakujua toka kule njia panda, anakuita jina. Siku hizi anangoja mpaka useme shikamoo ndio ajue mgeni nani. Hujaona? Jana kamwaga chai pembeni ya kikombe. Unatengeneza bunduki, mwenye jicho nani anamtengeneza?"

Mwanangu, maneno yale yaliniingia mwilini kama baridi. Nyani haoni kundule: mimi niliyekuwa naona chuma kikipinda kwa unene wa unywele sikuona kilichokuwa mbele yangu nikila nacho muhogo. Baba aliporudi nikamwomba akae mwangani, nikamshika uso kwa mikono yangu hii. Katikati ya jicho la kulia, lile la kulengea, palikuwa na weupe kama tone la tui. La kushoto nalo limeanza.

"Baba, hunioni."

Akaishika mikono yangu. Kisha akasema, "Nakuona. Nakuona kama mtu aliye nyuma ya chandarua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mabibo. Ukungu wenyewe ulianza zamani, taratibu."

Nikalia, sikujizuia. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini aliniacha nikate chuma wiki baada ya wiki na yeye anajua mtutu hauna kosa. Mficha maradhi kifo humuumbua, baba, nikamwambia, mimi mtoto, namwambia mzazi wangu methali. Hakukasirika. Alikuwa anaipapasa bunduki tu.

"Mtutu ulipona toka Jumamosi ya kwanza," akasema. "Nilisikia bibo linadondoka. Lakini mtutu ukipona, mwanangu, weye ungekuja kufanya nini?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali hilo natafuta mahali pa kukaa. Kweli yenyewe ni kwamba nisingekuja.

Tukampeleka hospitali. Haikuwa rahisi, alikuwa ameapa hakuna mtu atakayemtia kisu jichoni, na ni Shangazi Pili aliyempakia kwenye gari kwa kelele. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na la kulia limekomaa, lakini tumewahi, wakampasua hilo kwanza. Nikaomba ruhusa kazini, nikawa namuuguza mimi. Siku walipomfungua bendeji nilikuwa nimekaa mbele yake, najipanga kusikia atasema anaona dirisha, au anaona watu. Akafumba, akafumbua, akanitazama. Halafu akanyoosha kidole mpaka kwenye nyusi yangu.

"Hili kovu umelipata lini?"

Nilikuwa nalo miaka miwili, mwanangu. Miaka miwili nimeingia na kutoka kwake na kovu usoni.

Na bunduki je? Najua ndilo unalotaka kujua. Jicho la pili lilipopona akalitundika tena bibo, akalenga na macho yake mapya, akakosa. Akarudia, akakosa. Akanipa, nami nikakosa, tena vibaya. Nilikuwa nimeukata na kuusugua mtutu mpaka nimeuua. Baba akacheka mpaka akaketi chini. "Sasa ndiyo mtutu umechoka kweli!" Akaitundika bunduki ukutani, ngedere wakawa wanafukuzwa kwa kupigiwa debe, na mimi nikaendelea kufika kila Jumamosi mikono mitupu, bila mtutu, bila kanga, mpaka Mungu alipomchukua. Sikuhitaji tena kisingizio, wala yeye hakuhitaji.

Sasa nasaha yangu. Kuhusu chuma: mchagua jembe si mkulima. Kabla hujaukata mtutu, mpe mtu mwingine afyatue, angalia risasi zinaangukia wapi, maana ulichokikata hakiungwi. Ukiambiwa "bado kidogo", jiulize kwanza kosa liko kwenye chombo au kwa mwenye chombo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe mara nyingi hauko pale unapopigia nyundo.

Lakini sikukuita kwa ajili ya chuma. Jana simu iliyoita ni ya mama yako, kutoka Masaki. Ulisema, "Mama naye, kila wiki redio yake ya sola imeharibika. Nikifika naikuta nzima, inaimba." Ukacheka, ukaikata. Sikukusema mbele ya wenzako.

Mwanangu, redio haijaharibika. Wala haitaharibika kesho. Nenda kaitengeneze. Beba bisibisi yako, ifungue, ipanguse vumbi, uifunge taratibu, na usimwambie ilikuwa nzima. Mwambie bado kidogo, utarudi Jumamosi. Na ukiwa pale mtazame uso, mwangani, kwa kituo, kama unavyoutazama mdomo wa mtutu.

Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lisilochoka. Akujaalie uwahi, kama nilivyowahi mimi, na akujaalie watoto watakaokuja kwako bila kuitwa. Haya, lifungue hilo jiliwa. Pikipiki za kwenda Masaki bado zipo.