Shati Lililokatwa Kwenye Sanda ya Bibi

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vitambaa Kariakoo kutafuta pazia. Majora ya bafta nyeupe, ile ya kushonea sanda, yamepangwa hadi darini. Muuzaji akaniuliza, "Hiyo nikukatie mita ngapi, mama?" Nikajikuta natokwa na machozi. Maskini, akanivutia stuli akidhani nimefiwa juzi.

Nilifiwa zamani, ndugu yangu, miaka ile ya Ujamaa. Bibi yangu mzaa mama alitoka kusini akiwa na mabinti wawili wadogo, akawalea hapo hapo Kariakoo kwa kuuza vitumbua. Mama yangu alipopangiwa kufundisha mikoani, Bibi akasema, "Mtoto niachie." Akaanza kulea upya, na magoti yameshachoka. Asubuhi niliamshwa na mbuzi ya nazi ikikwaruza uani na harufu ya iliki. Kitumbua cha kwanza, kile kinachoharibika kwa sababu chuma hakijashika moto, kilikuwa changu.

Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati. Humo Bibi alihifadhi sanda yake, pamoja na udi na kafuri. Wazee wengi walikuwa hivyo, mtu anajiwekea mapema ili siku yake ikifika asisumbue watu. Kila Ramadhani ikikaribia aliianika, akaikunja tena polepole. "Hii nguo yangu ya safari," alisema. "Sitaki kwenda na ya kuazima."

Kisha vitambaa vikaadimika. Sabuni foleni, sukari foleni, ugali tukala wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mpaka tukauzoea. Shati langu la shule lilikuwa limechanika mgongo mzima, na mwalimu wa zamu alishasema asiye na sare asikanyage Jumatatu. Bibi alizunguka maduka siku mbili, akarudi mikono mitupu. Siku ya tatu nilitoka chuoni kusoma Kurani nikamkuta mkekani, mkasi mkononi, sanda imetandazwa mbele yake. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kabisa anachokata, nikanyamaza kwa sababu nilitaka shati.

Alilishona kwa mkono. Jumatatu nikalivaa, na kabla ya mapumziko jirani yangu wa dawati akanusa, akapayuka, "We, mbona unanuka msiba?" Darasa zima likacheka. Nilirudi nyumbani nikalivua, nikalitupa miguuni pake. "Silivai tena, Bibi! Linanuka maiti!"

Alinitazama kidogo. "Maiti haendi shule, mjukuu wangu. Wewe unaenda. Lete nilifue." Sabuni hakuna, akalifua kwa majani ya mpapai, akalianika, akalifua tena. Harufu ilipungua, haikwisha. Nikawa nalivaa huku nimenuna, na ahsante sikusema hata siku moja.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja alianguka uani akipepeta mchele, na kufika adhuhuri alikuwa ametutoka. Mama yangu alikuwa bado njiani. Mama mdogo akafungua sanduku, akakunjua ile bafta, akashtuka. "Mbona haitoshi? Nani kaikata?" Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikufungua mdomo.

Wakati wengine wanajadiliana pa kutafuta kitambaa, mama wa chumba cha mbele, Mkristo wa Kilimanjaro, aliingia kwake akatoka na shuka jeupe jipya alilomwekea bintiye kwa ajili ya harusi. "Mstirini nalo," alisema. "Amenilelea wanangu huyu." Basi Bibi akaondoka na kitambaa cha watu, jambo alilolikataa maisha yake yote. Mpaka leo linaniuma. Laiti ningesema siku ile, angalau watu wangejua kwamba hakuwa mzembe wa kujiandaa.

Nyumba ile ilishavunjwa, pamesimama ghorofa. Mama mdogo naye ameondoka duniani bila kujua sanda ilikwenda wapi. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Jumatatu baada ya mazishi mwalimu mmoja alikuwa akikagua usafi mstarini. Akashika ukosi wangu, akaangalia ile mishono midogo midogo. "Fundi gani huyu?"

"Bibi yangu, Mwalimu."

"Kamwambie ana mkono mzuri sana."

Nikaitika, "Ndiyo, Mwalimu."