Kiberiti Kilichogoma Duarani

Mniite mwongo mkishanisikiliza mpaka mwisho, siyo kabla. Maana kuna watu nikisema tu "siku ile pale duarani" wanaanza kuangaliana na kucheka, mmoja anauliza eti mjomba, siku hiyo ulikuwa umevuta nini? Nilikuwa sijavuta kitu, bwana! Kiko changu kilikuwa mfukoni, kimejaa tumbaku safi ya Kahama, na moto sikuwa nao. Hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanzia.

Mimi ni mchimbaji. Shimo letu, ambalo sisi wenyewe tunaliita duara, lilikuwa upande wa kuelekea Geita. Nilichimba pamoja na Masanja, mtoto pekee wa dada yangu. Dada alinikabidhi kijana huyo nyumbani kwake Didia, mke wa Masanja akiwa na mimba ya kwanza. Aliniambia, "Kaka, unamchukua mzima, unirudishie mzima." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, mtoto wake ni mtoto wangu. Kujibu ni rahisi, si ndiyo?

Sasa kwetu, duara likikaa bila kazi, hushuki mpaka ulionyeshe moto. Masika maji yanajaa, na yakishavutwa, hewa ya kule chini inakuwa imechacha. Haina harufu wala rangi. Unashuka unapiga mluzi, unapandishwa maiti. Kwa hiyo unatia moto kwenye kopo, unaushusha kwa kamba. Ukiendelea kuwaka mpaka chini, kazi inaanza. Ukizima, mnasubiri siku mbili tatu, mnapuliza hewa. Wenzangu hutumia mshumaa. Mimi kwa majivuno yangu nilitumia kiberiti changu cha kiko, kile cha petroli chenye utambi, kwa sababu kinawaka chenyewe bila kushikwa.

Asubuhi ile nikakishusha. Kilipofika mbao ya sita, zile mbao tunazokaza ukutani za kukanyagia, kikazima. Nikakivuta juu, nikakiwasha, kikawaka vizuri. Nikakishusha tena. Kikazima pale pale, mbao ya sita.

Mtu mwenye akili zake angesema nini? Mimi nilisema, "Kiberiti kibovu hiki, takataka!" Nikakitupa porini. Nilikuwa na hasira nacho, niaminini. Nilikinunua mnadani kwa bei ya kutupa, na wiki nzima kilikuwa kinanisumbua kwenye kiko, mara kinawaka, mara kinagoma. Kwa hiyo nikawaambia Masanja na vijana wawili wa kamba, "Nisubirini. Naenda mjini kununua kiberiti cha kiume." Nikapanda bodaboda mpaka Kahama.

Pale Nyasubi kuna duka la Mama Farida, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, Kisukuma chake kinanishinda mimi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akauliza, "Cha kuwashia jiko au sigara?"

"Cha kiko, mama. Tena kiwe cha kuaminika. Nimechoka kuaibishwa."

Loo, yule mama alifurahi! Alimwaga viberiti kwenye meza kama anamwaga karanga. Cha kwanza kilitoa moto wa bluu unaovuma kama wa fundi wa kuchomea vyuma. Nikakikataa, kile kinaunguza tumbaku na kutoboa kiko chenyewe. Cha pili moto wake ulisimama wima, nikikiinamisha kwenye kiko naungua dole gumba. Cha tatu, cha gesi, nilikipenda kweli. Moto wake unalala ubavu, unaingia kwenye tumbaku taratibu, unavuta kama mtoto anavyonyonya. Lakini ukiachia kidole tu, kinazima. Nitakishushaje duarani?

Akatoa cha nne. Cha petroli, kizito, kifuniko chake kinalia tak! Nikamwambia petroli inatia tumbaku harufu. Akasema, "Acha pupa ya moshi, baba. Kiwashe, hesabu mpaka tano, harufu iungue yenyewe, ndipo uweke kwenye kiko." Akakiwasha, akakisimamisha mbele ya feni iliyokuwa inazunguka kwa nguvu zake zote. Moto uliyumba, ukalala, ukainuka. Haukuzima. Tukaangaliana, tukacheka wote wawili. Nilikichukua bila kuomba kupunguziwa, na hilo si kawaida yangu.

Nilirudi machimboni kama saa saba mchana, jua la utosi, hata kivuli cha mtu hakionekani. Nina haraka, nina furaha, nataka kumwonyesha kila mtu. Kabla sijafika mdomoni mwa duara, nikamwona mwanamume amekaa juu ya kifusi. Rika langu hivi. Buti za mpira, na udongo wa kijivu umemkaukia kuanzia miguuni mpaka kwenye nywele. Mkononi ana kiko cha udongo.

"Mwangaluka," akaniamkia.

Mwangaluka ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ninyi mnajua. Nikasema moyoni huyu kapigwa na jua. Nikamwitikia tu.

"Nisaidie moto, ndugu yangu."

Mvuta kiko kumkuta mvuta kiko mwenzake, tena nina kiberiti kipya! Nikakitoa kwa mbwembwe, tak, kikawaka. Wakati huo Masanja akaniona kutoka mdomoni mwa duara, kamba imeshafungwa kiunoni. Akapaza sauti, "Mjomba! Kiberiti umepata?"

Nikakiinua juu. "Nimepata!"

Nikamgeukia yule mtu, nikasogeza moto kwenye kiko chake. Ukazima. Nikawasha tena, nikasogeza, ukazima. Hakukuwa na upepo, hata jani halikutikisika. Nikarudi hatua moja nyuma, nikakiwasha, kikawaka kama taa. Nikasogea mbele, puu. Nyuma kinawaka, mbele kinazima. Jamani, mara ngapi? Mara sita, mara saba! Nikaanza kumtukana Mama Farida, nikatukana feni yake, nikatukana na kiwanda.

Yule mtu hakucheka. Akasema, "Usikitukane. Kiberiti chako kizima. Hata kile ulichotupa kilikuwa kizima. Mimi pia nilisema changu kibovu."

Nilimtazama usoni, nikaona pua zake na kinywa chake vimejaa udongo ule ule mkavu, umeziba kabisa, na hata hivyo alikuwa ananisemesha. Akaelekeza kiko chake duarani. "Na wako ameshapita mbao ya tano."

Nikageuka. Masanja hayupo! Kijana wa watu kasikia "nimepata", akajua tatizo limekwisha, maana mimi mwenyewe ndiye niliyesema tatizo ni kiberiti. Vijana wanaachia kamba taratibu, wanapiga soga.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga tena. "Vuteni! Vuteni, mtoto anakufa!" Mmoja akaniuliza kuna nini, nikamzaba kofi, nikaishika kamba mwenyewe. Mikono ilichunika, sikusikia maumivu. Nilikuwa namwona dada yangu tu, amesimama mlangoni kwake. Nitamwambia nini? Nilienda kuchagua kiberiti?

Masanja alitoka amelegea, midomo imekuwa ya buluu, povu mdomoni. Tukamlaza, tukampepea, nikamwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina la mama yake, nikalia mbele za watu bila aibu. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, akavuta pumzi ndefu yenye mlio. Haki ya Mungu, sijasikia sauti tamu kama ile!

Alipofumbua macho alimtazama kila mmoja wetu, akauliza, "Nani alishuka kunifuata?"

"Hakuna aliyeshuka."

"Yupo, mjomba. Miguu iliponiishia nguvu, kuna mtu alinisukuma juu kutoka chini. Alinikalisha mabegani kwake."

Hapo ndipo vijana wa kamba waliponiambia kwamba walikuwa wakivuta, lakini uzito hawakuusikia. Nikageukia kifusi. Hapakuwa na mtu. Tena wakaapa kwamba tangu nifike waliniona nimesimama pale peke yangu, nawasha kiberiti na kutukana.

Tulimbana mwenye eneo mpaka akasema. Kabla yetu, duara lile lilikuwa na mchimbaji mmoja kutoka upande wa Isaka, mtu wa kiko. Alishuka asubuhi, na alipandishwa baadaye amekufa, kiberiti kipo mkononi. Walipokijaribu kule juu, kiliwaka mara moja. Mwenye eneo alitunyamazia, kwa sababu nani angekubali kuchimba pale?

Duara tumelifukia. Masanja yuko Didia, analima mpunga na kulea binti yake, ila hawezi kukaa chumba kilichofungwa madirisha, hata mvua ikinyesha. Mimi kiko bado navuta, na kiberiti kile cha petroli hakijawahi kugoma tena hata siku moja. Dada yangu ananishukuru kila nikienda kwao, anasema nilimwokoa mwanawe, ananichinjia kuku. Hajui ni nani aliyepaza sauti ile ya "nimepata". Nami ile nyama naila.

Kwa hiyo wewe unayeshuka mashimoni, nisikilize. Moto ukizima duarani, usiutukane, na usiende dukani. Mfungue mwenzako kamba kwanza, ndipo uzungumze. Mimi nilipata wa kunionya. Wewe nani kakwambia utampata?