Jina la Tovuti ni la Mwenye Sabuni

Juzi nilikuwa nasubiri kutoa kopi katika ofisi moja ya intaneti hapa Kigoma. Mbele yangu, mama wa Ujiji anayetengeneza sabuni ya mawese alikuwa anasajiliwa jina la tovuti yake.

“Nitaliandikisha kwa jina langu, mama, ili niisimamie tovuti kwa niaba yako,” alisema fundi wa ofisi hiyo.

Mama akaweka kiganja juu ya kibodi. “Siku tukikosana, mwanangu, tovuti itakuwa ya nani?”

“Hatuwezi kukosana, mama.”

“Basi andika jina langu, tusikosane.”

Fundi akaandika. Walipofika kwenye neno la siri, mama akaivuta kibodi kwake, akatuamuru wote tugeukie ukutani. Tukageuka, hata mimi nisiyemjua. Nanyi mnaosajiliwa tovuti na wajanja, wageuzeni ukutani.