Kitransfoma Kilichokaa Upande

Mwenye mkahawa wa santuri, nyuma ya stesheni ya Sendai, si mtu wa maneno. Ukifungua mdomo santuri ikizunguka, anakuonyesha kwa kidole kibao cha ukutani: KIMYA. Bi Shigeno, mteja wa kiti cha dirishani, huja kuitazama mikono ya bwana huyo zaidi ya kunywa kahawa. Bwana huipangusa santuri kama anamfuta mtoto machozi, huishusha sindano polepole, kisha hunyoosha kila kitu rafuni mpaka kiwe sambamba na ukingo. Hata kile kitransfoma kipya, kidogo kama pakiti ya chai, kinachokuza sauti hafifu ya sindano kabla haijafika kwenye amplifaya, amekinyoosha vivyo hivyo. Na tangu akiweke, spika zinavuma kama mzinga wa nyuki. Amebadilisha nyaya zote, wapi! Jana alitamka kwamba mvumo usipokoma, anafunga mkahawa.

Leo, santuri ikiwa imefika katikati, anafuta vumbi rafuni. Kiwiko kinakigonga kitransfoma, nacho kitransfoma kinakaa upande. Mvumo unakatika. Mkono wake, kwa mazoea, unakinyoosha. Nyuki hao wamerudi. Kumbe kikikaa sambamba na amplifaya iliyo kando yake ndipo kinaponasa mvumo wa umeme wake! Anakigeuza tena upande, taratibu. Inabaki tarumbeta ya santuri peke yake.

“Umekoma! Jamani, umekoma!” anapiga kelele, anacheza huku akipunga kitambaa cha vumbi.

Bi Shigeno, amebanwa na kicheko, anamwonyesha kibao kwa kidole.

“Shii! We bwana, wenzio tunasikiliza.”