Mgomba Nyuma ya Nyumba Ndogo

Mtu akitaka kupangisha nyumba hapa Kimandolu, mara nyingi huja kwangu kwanza. Si kwamba nimesomea sheria. Mimi ni karani wa stoo kwenye shamba la maua kule Usa River. Wanakuja kwa sababu wamesikia mkataba wangu hauna pa kupenyea, na mimi nawaeleza bila kuchoka. Andika mkataba hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi yako. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ajulikane kabla hajashusha godoro. Mtenganishie mita ya umeme, maana ugomvi wa umeme hauishi. Kagueni nyumba pamoja, chumba kwa chumba, muandike kioo kipi kina ufa na kitasa kipi kimelegea. Na ukishamkabidhi funguo usiingie bila hodi, hata kama bati lile ulilinunua kwa jasho lako.

Kuna ushauri mmoja huwa siutoi, watu wangenicheka. Kabla hujapangisha, angalia mama yako anakaa wapi.

Mama yangu anakaa na mimi. Alihama kijijini kwetu Kikwe baada ya baba kufariki, goti lilipoanza kumsumbua akawa hawezi tena kuinama shambani. Shamba alimwachia kaka yangu. Sisi ni wawili tu tuliozaliwa, na tangu utotoni mama alikuwa wa kaka. Yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa kama ameshiba. Basi siku mama aliposhuka kwenye pikapu ya kaka na kapu lake, akashika mkono wangu apande ngazi, niliona zamu yangu imefika. Nilimpa chumba chenye jua la asubuhi. Nilimnunulia kiti cha kuegemea. Nilijisikia kama ndiye mtoto wake wa pekee duniani.

Nyuma ya nyumba yangu kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili, nayo niliipangisha kwa fundi cherehani, mwanamke wa rika langu aliyetoka Singida. Nilimchagua mwenyewe kati ya watu kadhaa walioletwa na dalali. Alikuwa mpole, hana mbwa, hana redio ya kelele. Alishona sare za shule pale pale barazani kwake. Nilikagua kila kitu isipokuwa hicho: kwamba mtu anayefanya kazi barazani anashinda nyumbani, na mama yangu naye anashinda nyumbani, wakati mimi natoka alfajiri kuwahi gari la shamba na kurudi jua limeshaelekea kuzama upande wa Monduli.

Mwanzoni ilikuwa mambo madogo. Nikirudi nakuta nywele za mama zimesukwa. Kucha zimekatwa. Halafu nikaanza kumkuta amekaa kwenye kiti changu cha kuegemea, lakini kiti kiko uani kando ya cherehani, wanacheka. Wakiniona wanapunguza kicheko, kama wanafunzi mwalimu akipita.

Kisha yule mwanamke akajifunza Kimeru. Mimi mwenyewe Kimeru changu kimechakaa. Shule, kanisa na kazi vyote vilikuwa vya Kiswahili, na mama akinisemesha kwa lugha yetu huwa namjibu kwa Kiswahili bila hata kufikiri. Mpangaji alikosea, akasahihishwa, akarudia, mwaka haujaisha wakawa wanapiga soga lugha ya nyumbani kwetu, nyumbani kwangu, na mimi nimesimama na pochi begani nikitafuta wamefikia wapi. Roho iliniuma, sitasema uongo. Hata sasa nikikumbuka inaniuma.

Kilichonimaliza ni loshoro. Mama huipika siku akijisikia vizuri, mahindi na ndizi zilizopondwa na mtindi uliolala, na hakuna mtu Arusha nzima anayeipika vile. Siku hiyo nilisikia harufu yake nikiwa bado getini. Nikaingia jikoni nikafunua sufuria, nikakuta ile ya chini iliyoshika. Bakuli langu jekundu lenye mfuniko, ambalo nilikuwa nikilitunzia wageni, lilikuwa dirishani kwa mpangaji, limeshaoshwa, limefunikwa.

"Mama, mimi umeniachia ukoko?"

"Wewe hukuwepo," mama akasema. "Ilikuwa ya moto."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimvuta pembeni wakili mmoja tunayesali naye. Nikamuuliza, kwa ujumla tu, kama mwenye nyumba akitaka mpangaji atoke afanyeje.

"Kodi hajalipa?"

"Analipa."

"Anaharibu nyumba? Analeta fujo?"

"Hapana."

Akaniangalia. "Basi subiri mkataba uishe, usiuendeleze, na umpe notisi ya maandishi mapema kwa muda ule mliokubaliana. Usimkatie maji. Usimfungie mlango. Usiende kumtolea vyombo nje, hapo utashtakiwa wewe. Labda kama amevunja sharti la mkataba, hilo ni jambo jingine. Amevunja sharti gani?"

Nilimwambia nauliza kwa niaba ya jirani.

Nilirudi nyumbani nikausoma mkataba wangu mwenyewe kama mtu anayetafuta pini kwenye zulia. Sikupata kitu. Ninachokijua ni kwamba kuanzia siku ile nilikuwa namvizia.

Na siku moja nikampata. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka sokoni, nikazunguka nyuma kuanika nguo. Nyuma ya nyumba ndogo, pale maji ya bafuni yanapotokea, ndipo mahali pekee kwenye kiwanja changu penye udongo mtupu. Pengine pote nimetandaza pevingi, yale matofali ya saruji, kwa sababu nachukia tope. Pale kwenye udongo palikuwa na mgomba. Mche mbichi, jani lake la kwanza bado limejikunja, na udongo umekandamizwa vizuri kuzunguka shina. Mpangaji alikuwa anaosha jembe.

Mkataba wangu unasema: mpangaji haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu. Kila mwenye nyumba wa huku ataelewa. Mchicha haumtishi mtu. Lakini mtu akipanda parachichi au mgomba, kesho kutwa mnakutana mbele ya baraza la ardhi, yeye anasema mti huu nimeupanda mimi, na watu wanaanza kumsikiliza.

Na mgomba kwetu una mambo yake. Bibi yangu alimpa mama miche, mama akaipanda Kikwe kando ya mfereji. Kaka alipojenga, mama alimpa miche kutoka shina lile lile, akaenda kuipanda mwenyewe kwa mkono wake. Mimi nilipomaliza kujenga Kimandolu, mama alikuja, akaiombea nyumba, akasifu madirisha, akaondoka. Mche sikupewa. Sikuuliza. Nilijiambia ni kwa sababu sina mume, na nyumba ya mwanamke asiye na mume machoni pao bado si nyumba.

Sasa nilikuwa natazama jani lile lenye wekundu kidogo pembeni. Niliujua ule mgomba. Ulikuwa wa Kikwe.

Niliingia ndani nikaandika notisi, kwa hati nzuri, nikitaja sharti lililovunjwa. Nilikuwa na furaha, furaha mbaya. Jumatatu jioni nikamwomba mwenyekiti wa mtaa aje kushuhudia, kama ninavyowashauri wengine: usimpe mpangaji notisi mkiwa wawili tu.

Tulikaa sebuleni. Mwenyekiti alimwamkia mama, "Shikamoo bibi," akakaa na kofia yake juu ya goti. Mpangaji alikaa ukingoni mwa kochi, uzi mweupe umemnasa kwenye sketi. Mwenyekiti akaisoma notisi kwa sauti hadi mwisho.

"Ni kweli umepanda mgomba?" akamuuliza.

Mpangaji akafungua mdomo, lakini mama akamtangulia.

"Nimepanda mimi."

"Mama," nikasema, "jembe lilikuwa mkononi mwake."

"Yeye alichimba shimo. Mimi goti linakataa. Lakini mche ni wangu, na aliyeuweka shimoni ni mimi."

Mwenyekiti alinigeukia. "Sasa hii inakuwa ngumu, dada. Aliyepanda si mpangaji."

"Basi ifute, uandike jina langu," mama akasema. "Kama kupanda mgomba hapa ni kosa, notisi ni yangu. Niambieni nimepewa siku ngapi."

Na badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, mbele ya mwenyekiti, mbele ya yule mwanamke, nikapayuka yale ambayo nilikuwa nimeyameza miaka yote.

"Kaka ulimpandia. Huyu umempandia, wa kuja, mpangaji! Mimi niliyezaliwa na wewe mbona hukunipandia?"

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli. Halafu akajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alinisemesha mimi kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno.

"Kwako ningepanda wapi? Siku ile nilikuja na mche kwenye kapu. Nikazunguka nyumba hii kubwa yote natafuta udongo. Umeziba kote. Nikarudi nao Kikwe."

Mwenyekiti alikuwa anaigeuza kofia yake.

"Na safari hii," mama akaendelea, "nilimwambia kaka yako alete miwili. Wako uko kwenye gunia nyuma ya tenki. Naunyunyizia maji kila siku. Nilitaka kukuuliza pa kuupanda, lakini ukirudi jioni uso wako umefungwa kama duka."

Mpangaji alisimama akaomba ruhusa aende kuzima jiko. Jiko lake halikuwa limewashwa, nililijua hilo, na nikamchukia hata kwa adabu yake.

Notisi niliichana mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nilivaa gauni la zamani nikachukua mtaimbo wa jirani, nikang'oa pevingi chini ya dirisha la chumba changu. Yaligoma. Malengelenge yakatoka, nikakataa kusaidiwa. Mpangaji alikuja na jembe lake, nikamwambia ahsante, hapana. Mama aliletewa kigoda, akakaa, akaelekeza: pana zaidi, chini zaidi, ondoa hayo makokoto. Shimo lilipotosha akainama na goti lake hilo hilo, akanishika bega kwa mkono mmoja na kwa mwingine akausimamisha mche. Aliniegemea kwa uzito wake wote. Sikutaka amalize.

Ningependa kusema wivu uliishia pale. Mkataba wa mpangaji ulipoisha niliuendeleza, na kwenye sharti la mazao ya kudumu nikaongeza maneno haya: isipokuwa mgomba uliopo nyuma ya nyumba ndogo, ambao umepandwa na mama wa mwenye nyumba. Wakili aliusoma akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nawashauri watu vivyo hivyo: kitu mkikubaliana, kiandikwe.

Lakini ule wa nyuma unakunywa maji ya bafuni, umenenepa, umeshatoa mkungu. Wangu bado mwembamba. Na kila jioni mama huchota maji kwenye koki iliyo ukutani mwa nyumba ndogo, anamwagilia ule wa nyuma kwanza, anapumzika barazani kwa mpangaji, wanaongea Kimeru chao, ndipo anajikokota kuja dirishani kwangu na kilichobaki kwenye ndoo. Nilimuuliza kwa nini haanzi na wangu. Akasema koki iko kule, na goti ni hili hili.

Jumamosi fundi bomba anakuja. Koki inahamia chini ya dirisha langu. Mpangaji nimeshampa taarifa ya kazi hiyo mapema, kwa maandishi, kama inavyotakiwa.