Mashini Haijue Buko

Shamba langu la sombe, majani ya mihogo, liko nyuma ya depo moja ya vyuma hapa Likasi. Njia inapita ndani ya uwanja wa depo, na tangu zamani wamama tunaachwa tupite. Ila wakati wa kutoka sentinele, mulinzi wa depo, anakagua beseni, asije muntu akatoka na nyaya za shaba chini ya majani. Hiyo sikatai. Wezi wako kweli.

Sentinele mumoja alikuwa mukwe wangu, bwana wa binti yangu wa mwisho. Kwetu mukwe haangalii mama ya bibi yake usoni, wala hamusemeshi. Njo buko hiyo; tena mukwe mwenyewe tunamwita buko. Shule sikusoma sana, lakini hiyo nilifundishwa. Basi nilipofika kwenye baryera ya kufunga njia, yeye aliingia nyuma ya kibanda, na mwenzake ndiye aliyefungua beseni, akiniita nkambo kama mujukuu wangu.

"Nkambo, leo umeiba nini?"

"Mawe ya kukutupia weye."

Tunacheka, ninaenda.

Halafu wakubwa wa depo wakaleta kamera yenye akili, ile inayojua sura za watu na kusema Kifaransa. Wakamufukuza yule mwenzake, eti mashini inatosha. Mukwe wangu akabakia peke yake. Sasa nikifika, nani atafungua beseni? Alikuwa anainua baryera, anageuza mugongo, anaangalia ukuta mpaka nipite. Sisi wawili tuliona ni heshima. Mashini ikapeleka habari kwenye biro, ofisi ya depo: mwanamuke muzee akipita na beseni, sentinele anageuka asimuone.

Binti yangu akaja analia. Wanasema mimi na bwana yake tunaiba pamoja, na kazi inakwisha. Watoto wako shule, nyumba ni ya kupanga.

Nilifunga kikwembe nikaenda biro. Shefu ni wa umri wa wajukuu wangu. Akanionyesha picha yangu mwenyewe, kichwa kimezungushiwa alama nyekundu.

"Unaona, nkambo? Hapa anageuka. Hapa tena."

"Anageuka juu ya heshima. Miye ni buko yake."

"Ninajua. Hata miye niko na buko."

"Basi iambie mashini yako."

"Mashini haijue buko. Na wakubwa wenye kuiangalia wako mbali, nao hawajue."

"Na weye mwenye kujua, uko hapa unafanya nini?"

Akaanza kupanga kalamu zake.

Nikamwambia nitazunguka kwa njia ya reli. Akaruka: "Apana, nkambo! Ukikimbia njia, watasema mulikuwa na kitu." Akatoa amri yake. Mukwe wangu anikague kama wengine wote, anitazame usoni, kamera ione. Akikataa, aende nyumbani.

Watu wanasema wazee tunachukia vitu vipya. Uongo. Simu ninayo, na mashini ya kusaga ninaipenda kuliko kinu. Lakini hii waliiweka mahali pa muntu, na yule muntu alikuwa anatujua.

Kesho yake nilipotoka shambani, mukwe wangu alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Fungua beseni, mama."

Tangu amuoe binti yangu, hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia uso kwa uso. Nikatua beseni chini. Akaingiza mikono ndani ya sombe, akageuza majani, kisha akainua macho akanitazama, sawa vile walimuamuru. Nami nikasimama pale nikitazamwa. Mashini ikasema merci, eti asante.

Kazi hakuipoteza. Lakini siku ya Mungu, baada ya misa, binti yangu akaja na kuku chini ya kwapa. Bwana yake ndiye aliyemutuma, maana aliyevunja buko analipa kuku ili mama asikasirike.

"Irudishe," nikamwambia.

"Mama, umemukasirikia?"

"Yeye hapana. Lakini kesho nitapita tena pale, na kesho kutwa. Bwana yako atatoa kuku ngapi?"