Bibi Mkaidi Anaonja Kwanza

Niseme mapema: sikutolewa kwenye filamu kwa kukosa kipaji. Nilitolewa kwa kunywa pombe mbele ya kambi nzima, na leo hii ningekunywa tena.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, vilima vikageuka maturubai matupu. Shirika moja lilikuja na gari la sinema, likatafuta mtu wa kuchekesha watu huku wakifundishwa kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Walinikuta Rulenge kwenye sherehe ya ubatizo, nikiigiza mwanamke anayebishana na mbuzi wake. Wakanipa jina la Bibi Mkaidi. Katika filamu ya kwanza nilikataa kuchimba choo mpaka nikatumbukia katika shimo la jirani, na watu walicheka hata jenereta haikusikika. Kuanzia Bugarama hadi Ntobeye watoto walinikimbilia: "Shikamoo, Bibi Mkaidi!" Nami sikuwa na mvi hata moja. Nilivimba kichwa, na kwa nini nisivimbe?

Kisha wakataka filamu ya ujirani mwema, maana wenyeji na wakimbizi walishaanza kugombania kuni. Bibi Mkaidi anamfukuza mkimbizi porini, baadaye anajuta, anamkaribisha pombe ya ndizi. Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Wakimbizi nao, huko walikotoka, hufanya vivyo hivyo. Basi nilionja kwa mrija, nikampa mwenzangu, mama mkimbizi aliyeigiza mgeni, naye akanywa. Lakini watu wa afya walipoitazama walishtuka: mrija mmoja, vinywa viwili, na kipindupindu bado kipo! Wakakikata kipande kile bila kutuambia.

Siku ya kuionyesha kambini nilikaa mbele na kanga mpya. Nikajiona kwenye shuka jeupe namkabidhi mgeni kibuyu bila kuonja, halafu natabasamu. Mwanamke nyuma yangu akasema, "Mrozi huyo." Mtilia watu sumu, ndiyo maana yake. Niliogopa.

Sokoni ndizi zangu zikaanza kuiva hadi kuoza. Akina mama walivuta watoto wao nikipita. Mwenzangu alinijia akicheka kwa uchungu: "Dada, kila asubuhi wananiuliza kama nimeamka."

Nilimwendea mwongozaji, nikamtaka arudishe kipande changu.

"Mama, hiyo ni filamu tu," akasema. "Na amri imetoka juu."

"Filamu ni yenu," nikamjibu. "Sura ni yangu."

Walipoionyesha tena nilikwenda na kibuyu na vikombe viwili. Ilipofika pale, nikasimama mbele ya mwanga, kivuli changu kikaifunika filamu yote. Nikamwita mwenzangu. Nikamimina huku na huku, kila mtu na kikombe chake, watu wa afya wasipate la kusema. Nikanywa changu chote. Halafu nikashika tumbo, nikayumba, nikapiga magoti. Watu wakaguna kwa hofu. Nikateuka kwa sauti kubwa. Lo, kicheko kile! Mwenzangu akanywa chake, wakapiga makofi, na mimi nikalia bila aibu.

Mwongozaji alinifukuza palepale, eti nimewavunjia kazi. Nikamwambia nimeitengeneza. Wakaendelea kuionyesha bila mimi, na kila ilipofika pale watu walipiga kelele: "Aonje kwanza!" Mwishowe gari likaacha kuileta. Hakuna aliyeniita tena kwenye filamu, na sikumbembeleza mtu. Nilirudi kuuza ndizi, zikanunuliwa.

Kambi ilipofungwa, mwenzangu alikuja kuniaga. Nikamtolea pombe. Nilipoinua kikombe changu nionje, alinishika mkono, akanywa yeye kwanza.